Leo vyura walinyamaza

Jambo sana dada Furaha. Mume wangu Papa Safari anakusalimia, mama mukwe anakusalimia, na Neema, mutoto wa mugongoni, naye anakusalimia.

Asubuhi hii tulikaribia kufa.

Nilienda na Neema kutoa mihogo niliyolowanisha kwenye kijito, chini ya kilima.
Ukungu ulifunika yote, na chura hata mumoja hakulia.
Ng'ombe wetu aliyetutangulia akalala katikati ya njia.
Nikamupiga: "Toka, muvivu we!"
Akaniangalia tu.

Nikapiga magoti, nimuombe Mungu uvumilivu.
Hapo kilima kikaporomoka, udongo ukafunika kijito chote.
Neema hata hakuamka.

Dada, Mungu alituma ng'ombe, na mimi nikamupiga!

Nawe unalowanisha mihogo ng'ambo ya kilima hicho.
Vyura wa kwenu wangali wanalia?
Nijibu mbio, nakuomba.