Udhaifu Wetu ni Magoti

Nilikuwa nikifanya kazi katika kitengo cha mikutano cha hoteli moja hapa Doha. Kazi yenyewe haikuwa na siri kubwa: kupanga glasi ziwe mstari mmoja, kuhakikisha karak, chai ya maziwa ya huku, haipoi, na kuona kwamba kila mgeni ana kalamu. Asubuhi moja meneja wangu, Mlebanoni asiyejua kutembea polepole, alinijia mbio.

"Wewe unasema Kiswahili, sivyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Yalla! Vua hiyo aproni. Leo hupeleki chai, unatafsiri."

Kulikuwa na semina ya siku mbili ya kuimarisha mashirika ya wanawake kutoka mashariki mwa Kongo, ambako vita vimewasumbua watu miaka mingi. Mkalimani aliyeletwa alikuwa bingwa wa Kifaransa. Mama wawili walioalikwa walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakasema Kifaransa hicho ni cha mawaziri; kazi yao wao huifanya kwa Kiswahili.

Mmoja alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, mwenyekiti wa chama cha wanawake katika mji wao. Mwenzake alikuwa mfupi, katibu, na kila alipokaa kitenge chake kilijaza kiti na nusu. Walikuwa wakiwasindikiza wajane na wasichana waliodhulumiwa: hospitali, kwa chifu, mahakamani. Mkufunzi alikuwa dada wa Kizungu, mpole, mwenye kalamu za rangi nane.

Mwenyekiti akamwelekezea kidevu. "Uyu njo atatushomesha?"

Kwetu Kenya, kumsomesha mtu ni kumlipia karo; kwao, kumbe, ni kumfundisha. Nikatafsiri hivyo hivyo, kwamba mama anauliza kama wewe ndiye utakayewalipia karo. Mkufunzi akabadilika rangi, akaanza kupekua makaratasi yake. Katibu alipong'amua nilichosema alicheka hadi akashika meza.

"Mutoto yangu," akaniambia, "Kiswahili yako iko na kiatu ya kubana."

Tukaanza upya. Mkufunzi akaandika ubaoni: nguvu upande huu, udhaifu upande ule. Akauliza udhaifu wa chama chao ni upi. Wale mama wakatazamana, wakanong'onezana kwa muda mrefu, kisha mwenyekiti akajibu kwa heshima zote:

"Magoti."

Nikasita. "Magoti, mama?"

"Magoti. Sema."

Nikasema. Mkufunzi, mtu mwaminifu, akaandika "magoti" kwa kalamu nyekundu. Ndipo katibu akaeleza. Kutoka kwao hadi mahakamani ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, na hawamwachi mwanamke aende peke yake. Gari la mradi lipo, jipya, lina nembo mlangoni, lakini linakaa mji mkuu na wakubwa. Wao wameshahudhuria semina sita za kuandika malengo.

"Malengo tunayajua kwa kichwa," alisema mwenyekiti. Kisha akauliza swali ambalo nililitafsiri nikiangalia zulia: "Hii mupango yenu, muliiandika mbele ya kutuona ao nyuma?"

Mkufunzi akafunika kalamu yake. "Kabla," akasema. Nilimpenda kwa kutodanganya.

Siku ya pili alikuja bila michoro yake. Aliomba wao ndio wamfundishe. Mwenyekiti hakungoja kubembelezwa. Akapanga viti, akagawa kazi kama mama anayegawa vijiko. Mkufunzi awe mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Mimi niwe karani wa mahakama.

"Mimi nifanye nini?" nikauliza.

"Umufukuze tu. Kwa upole."

Sasa hapo walimpata mwenyewe. Nimesimama kwenye madirisha ya ofisi tangu Nairobi; najua karani anavyotazama simu huku mtu anamsalimia. Mkufunzi akaja na shida yake, nikamwambia faili haionekani. Akarudi, nikamwambia hakimu ametoka. Akarudi tena. Nikapiga mwayo, nikachanganya na kiofisi cha hapa: "Bukra. Kesho, mama, inshallah."

"Lakini nilikuja jana!"

"Ndiyo maana nakwambia kesho."

Akapiga meza kwa kiganja. Uso ulikuwa umewiva na macho yalikuwa na machozi ya kweli. Nilitaka kumwomba radhi, lakini mwenyekiti akanikonyeza niendelee.

Ndipo wale mama wawili wakainuka, wakaja wakaketi mbele yangu, mmoja kulia na mmoja kushoto kwa mjane. Katibu akatoa uzi na sindano, akaanza kufuma. Nikauliza wanataka nini.

"Tunangoja," akasema mwenyekiti.

"Mnangoja nini?"

"Wewe."

Wakaniangalia. Nilijua ni mchezo, lakini nawaambia kweli, baada ya dakika tano jasho lilinitoka ndani ya kiyoyozi cha Doha. Nikatafuta karatasi yoyote pale mezani, nikaipiga muhuri wa kufikirika, nikampa mjane. Ilikuwa orodha ya vyakula vya mchana. Mkufunzi akaipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni hati ya shamba.

Alasiri hiyo waliketi watatu, nami katikati, wakaandika mpango mwingine. Walichoomba wale mama kilitosha ukurasa mmoja: mwanasheria wao wenyewe, pikipiki tatu, ofisi yenye mlango unaofungika, na fedha zipelekwe kwa chama chenyewe bila kupitia mji mkuu. Mkufunzi aliwaambia wazi kwamba hawezi kuahidi yote, ila hataondoa hata neno moja kabla wakubwa wake hawajalisoma.

Jioni niliwachukua wale mama hadi chumbani kwetu, mtaa wa Abu Hamour, tukasonga ugali. Walisema ni mgumu mno, wakaumaliza.

Miezi ikapita. Ijumaa moja, siku ambayo hapa hata Wakristo husali, nilipotoka kanisani kule Mesaimeer, kwenye simu ukaingia ujumbe wa sauti wa katibu. Pikipiki imefika moja, si tatu. Ofisi ina mlango. Mwanasheria ni binti wa huko huko, anakuja mara mbili kwa wiki, na hapendi utani. Suala la fedha bado linabishaniwa. Lakini mjane mmoja wa kweli amerudishiwa shamba, amepanda maharagwe na yamezaa hadi ameshangaa mwenyewe. Amesikia habari za karani wa Doha, na sasa anataka kumtumia nusu gunia.

"Uulize kwa posta," alisema katibu, nyuma yake watu wakicheka, "kama Waarabu banapokea maharagwe."

Jumapili nilienda kuuliza. Karani wa posta alinitazama, akaniomba nirudie swali.