Mtu Asiyesikia, Simu ya Nini?

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu, ficha jina langu, na ukiweza ficha hata namna ninavyoandika. Nanyi mtakaosoma, mkinitambua kwa dalili yoyote, nyamazeni. Ofisini kwetu karibu wote wanafuata ukurasa huu, na wakijua ni mimi naweza kukosa kazi na ndoa siku moja.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya mizigo hapa Kigali. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini nilikulia Tabora, Tanzania. Baba alishafariki. Mama amebaki kule, na masikio yake yamefifia mpaka sasa hasikii kabisa. Kusoma hajui. Kilichokuwa kinatuunganisha ni simu ya video: mimi natamka polepole, yeye ananisoma midomo, kisha anajibu. Siku niliyomwambia nimechumbiwa alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio.

Sasa simu yangu imechoka. Kamera zimekufa, ya mbele na ya nyuma. Fundi mmoja wa mtaa wa Sonatubes aliifungua, akaifunga, akasema, "Dada, usitupe pesa hapa, tafuta nyingine." Mama akipiga anaona giza. Mimi namwona anavyousogeza uso, anapangusa kioo kwa kanga, anauliza, "Uko wapi, mwanangu? Mbona umejifunika?" Nalia, na kilio changu hakioni wala hakisikii.

Nilimwomba mchumba wangu simu yake. Alinipa kwa moyo mweupe, Jumapili moja tukiwa nyumbani kwa shangazi yake, mtaa wa Kibagabaga, baada ya chakula. Huyo shangazi ndiye bosi wangu, na ndiye aliyeniingiza kazini. Mnajua, mtu asiyesikia hawezi kupima sauti yake. Mama aliponiona alifurahi sana, halafu, akidhani ananinong'oneza, akasema sebule nzima ikasikia: "Haya, niambie sisi wawili tu, huyo mwanamume mkono wake unafunguka? Maana kwenye picha naona uso wa ubahili!"

Wageni walicheka. Shangazi hakucheka. Mchumba wangu akaichukua simu mkononi mwangu taratibu, akakata. Mama alikuwa bado anatabasamu.

Tangu siku hiyo hanipi simu yake. Nilipomwambia nataka kununua yangu, hata kwa kulipa kidogo kidogo, alisema, "Cherie, tunafunga ndoa au tunafungua duka la simu? Subiri baada ya harusi. Tena mama yako aje kwanza aniombe radhi." Nikamweleza kwamba mama hakujua kama anasikika. Akacheka. "Ndiyo maana nasema. Mtu asiyesikia, simu ya nini?"

Labda ulikuwa mzaha. Ni mtu mwema kwa mambo mengi, sitaki mumtukane. Lakini neno hilo limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Ofisini tuna ikimina, kikundi cha kuchangiana, na mwezi huu ni zamu yangu. Sisi hatumpi mtu fedha mkononi. Tunamnunulia kitu cha nyumbani na kumpelekea kwa shangwe, ili fedha isiliwe na ndugu. Mimi mwenyewe niliuunga mkono utaratibu huo. Wamenipangia godoro la harusi. Kikaoni niliinua mkono nikasema ningependa simu. Mwenzangu mmoja akadakia, "Yewe sha, mwenzetu! Usiku wa harusi mtalalia simu?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti, akanitazama juu ya miwani. "Simu ya kuongea na nani?"

Nikajibu, "Basi, Madamu, godoro ni zuri."

Duka moja limekubali kunikopesha, ila linataka saini ya mwajiri, na mwajiri ndiye huyo huyo. Kwenda Tabora siwezi, likizo yangu yote imewekwa kwa ajili ya harusi. Kuazima simu ya mwenzangu ofisini naogopa, mama ataropoka tena na shangazi atajua siku hiyo hiyo, na nje ya ofisi sina wa kumwomba. Kilichobaki ni akiba ya mavazi yangu ya harusi, ambayo mchumba wangu anaijua mpaka faranga ya mwisho. Nikiigusa, ataniuliza.

Ningevumilia. Lakini juzi jirani wa mama alinipigia, akanifikishia ujumbe aliotumwa: "Mwambie kama huyo mwanamume amemharibu uso, asinifiche. Aje hivyo hivyo alivyo. Mimi ni mama yake." Jirani amemweleza kwa midomo na kwa ishara kwamba ni kamera, mama anaona anadanganywa. Nilituma picha ya studio, akasema ni ya zamani. Chakula anachopelekewa anakirudisha bila kukigusa.

Ndugu zangu, nitoe akiba ninunue sasa, niingie kwenye ndoa na ugomvi mkononi? Au nisubiri harusi ipite, huku mama yangu akiniomboleza nikiwa hai? Kama kuna njia ya tatu, nionyesheni, mimi akili yangu imefika mwisho.

Majibu yaandikeni hapa hapa chini. Anayetaka kuniambia ya faragha amwandikie admin, atanifikishia mchana nikiwa kazini. Msitume ujumbe wa sauti, na jioni msitume chochote, kwa sababu jioni mchumba wangu huishika simu yangu akaipitia. Andikeni kama watu wanaoshauriana bei ya simu tu. Mama msimtaje.