Kituo cha Kwenye Masale

Nitaandika kama yalivyotokea, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina. Mimi ni mtu wa darasa la saba, kupamba maneno sijui. Ila kila jioni huandika kwenye daftari mambo ya siku: mvua, nani alikuja, nani alitapika kwenye bembea. Kwa hiyo hili sikulikumbuka baadaye nikalitia chumvi. Nililiandika siku ileile, na mwandiko upo, umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nafanya kazi kwenye bustani ya michezo ya watoto, njia ya kupanda Nkoaranga, nje ya Arusha. Jina lake silitaji maana mwenyewe hakunituma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, sote tunamwita Mwalimu, na kiinua mgongo chake chote kiliingia pale. Tuna bembea nne, mteremko mmoja wa kutelezea, na treni. Hiyo treni ndiyo kila kitu. Ina mabehewa matatu, injini yake ni ya pawatila, katrekta ka kulimia, reli ni mabomba yaliyochomelewa. Inapita kwenye migomba, inazunguka mparachichi, inakata kona ya juu kwenye mibuni, inarudi. Asubuhi isiyo na wingu, ukiwa pale kona ya juu, unaona Kilimanjaro yote.

Sasa niambie, nani anakuja? Nitasema ukweli ingawa unaniuma. Watu wa mjini wanapeleka watoto kwenye yale majengo yenye taa na mashine za kubonyeza. Wakija kwetu wanauliza, "Kipya nini?" Wanakuja na pilau lao kwenye hotipoti, wanatandika mkeka, wanapiga picha, wanaondoka. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa na mtoto angenivuta kwenye taa. Lakini vilevile nimeona mabibi wa huku mlimani wakipanda treni na wajukuu wao, wakiishika miti ya behewa kwa nguvu na kucheka mpaka kilemba kinadondoka. Kwetu mtoto akililia kurudia, namrudisha. Namjua jina. Hilo kwenye taa halipo.

Tatizo lilianza wiki mbili kabla ya Pasaka. Treni ikawa inazima. Si popote, ni kona ya juu tu, na kila mzunguko. Fundi wetu, Juma wa Kaloleni, ndiye aliyeiunda mwenyewe. Alipanda mara tatu. Alifungua kabureta, akabadilisha plagi, akapuliza mpira wa mafuta mpaka macho yakamtoka. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Ikifika kona, kimya.

"Dada, hii mashine haina ugonjwa," Juma aliniambia. "Ina maringo."

"Basi ibembeleze."

"Nimeibembeleza kuliko nilivyomposa mke wangu."

Mwalimu hakucheka. Alisema ikizima Jumatatu ya Pasaka mbele ya watu, Jumanne anampigia mtu wa Moshi anayeitaka injini, aichukue, na bustani anaifunga. Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku yetu. Tukiikosa hiyo hakuna nyingine mpaka Krismasi. Nilielewa: bila treni sisi ni uwanja wa majani wenye bembea nne, na mimi sina kazi.

Hapa lazima niseme kosa langu, kwa sababu bila hilo kisa hiki kitakuwa cha uongo. Nilizaliwa Nkoaranga lakini nimekulia Kaloleni mjini, chumba cha kupanga, kwa hiyo mila nazijua nusu nusu. Na nusu ndiyo mbaya. Kwenye kona ya juu kulikuwa na masale. Kwa asiyejua, ni yale majani marefu ya kijani ambayo huku tunapanda mpakani na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea akija na jani la masale amelifunga fundo, unalipokea. Humkatalii, hata kama alikuchomea nyumba. Siku ya kwanza kazini Mwalimu aliniambia, "Kona ile iache ilivyo, ni ya wenyewe." Mimi nikafikiri ni mambo ya mpaka. Basi wiki mbili kabla ya Pasaka, natafuta kitu cha kupamba geti, hela ya maua hakuna, nikapanda na panga nikayakata yote. Nikayachomeka kwenye makopo ya rangi yenye udongo, nikayapanga getini. Yalipendeza. Mwalimu alipoona akadhani nimeyatoa kwa mama yangu, na mimi sikumsahihisha.

Umeona treni ilianza kuzima lini? Wiki ileile. Na mimi nilikuwa naandika daftari kila siku, vyote viwili viko ukurasa mmoja, na sikuviunganisha.

Ijumaa Kuu, Mwalimu alikuwa kanisani. Juma alikuja kujaribu mara ya mwisho, lakini ilipokaribia saa saba mchana akanawa, akateremka kwenda swala. Nikabaki peke yangu, wala sikwenda kanisani, na hilo nalo najilaumu. Ukungu ulishuka. Masika huku kwetu unaweza kushuka mchana ukakunyima hata kuona bembea. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono ina grisi, nina hasira na ile injini, na Juma, na watu wa mjini, na mimi mwenyewe. Nikasikia mtu anakohoa.

Bibi kizee, kanga mbili, miguu mitupu yenye tope. Mkononi jani la masale, limefungwa fundo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii gari inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, bibi. Inazunguka tu."

"Basi mbona inapita mlangoni kwangu?"

Ungejibu nini? Nilifikiri ni mzee aliyepotea, wapo wanaosahau nyumba. Akaninyooshea lile jani. Nisikilize vizuri hapa. Nilijua lina maana gani, kiasi hicho nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasema, "Kaa nalo bibi, mikono yangu ina grisi." Akalirudisha kifuani taratibu, kama mtu aliyezoea kuambiwa subiri.

Akasema anataka kupanda. Nikamwambia ni mbovu. Akapanda tu, behewa la tatu, na springi zikabonyea. Juma aliweka springi za pikipiki, zinalia ukikaa. Zililia, nilizisikia. Nikavuta kamba ya injini, nikitaka nimwonyeshe kwamba haiwaki, ashuke. Ikawaka mvuto wa kwanza.

Basi tukaenda. Migomba, mparachichi. Sikugeuka nyuma, maana ukungu ulikuwa mzito na nilikuwa naangalia reli. Tulipokaribia kona ya juu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nishushe hapa."

Nikasema, "Bibi, hapo hakuna kituo. Tunamaliza mzunguko."

"Nishushe hapa, mama."

Aliniita mama, yeye na umri ule. Na mimi? Treni inaingia kona bila kuzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, nikasema nikisimama haitawaka tena. Nikaongeza mafuta. Nilimpitisha.

Tulipofika kituoni nikageuka. Behewa la tatu halikuwa na mtu. Kwenye kiti kulikuwa na jani, fundo lake limekaza, na halikuwa na tone la maji, wakati mimi nilikuwa nimelowa mpaka ndani.

Nitakuwa mkweli. Labda aliruka. Treni yetu haina kasi, hata bata anaweza kuruka. Nilifuata reli yote nikitafuta nyayo. Za kuja zilikuwepo, za kuondoka sikuziona, lakini zile nyasi hazishiki alama vizuri. Juma aliporudi alinikuta nimekaa chini.

"Umekula leo?" aliuliza.

"Juma, treni imezunguka."

"Najua. Nimeisikia tangu barabarani haijakata. Ulifanya nini?"

Nikamwonyesha jani. Yeye si wa huku, lakini amechomelea mageti ya huku miaka mingi. Alilitazama, hakuligusa. Akaanza kukusanya spana zake. "Hii si kazi ya fundi," alisema.

Nilitakiwa kumwambia Mwalimu jioni ileile. Sikumwambia. Niliogopa kazi, na nilikuwa na mashaka na macho yangu. Nililiweka jani ndani ya daftari.

Jumatatu walikuja. Sikuwahi kuona watu vile: mabasi madogo mawili ya shule ya Jumapili, familia kutoka mjini, akina mama wa Kikwe na watoto wamevaa soksi nyeupe. Foleni ya treni ilifika mteremkoni. Nikapakia watoto kumi na wawili. Wa behewa la tatu walilalamika wanabanwa, nikawaambia wasogeane. Migomba, mparachichi, kona ya juu. Kimya.

Nilivuta kamba mpaka mkono ukachubuka. Baba mmoja akapiga kelele kutoka chini, "Sisi tumetoka Arusha kwa ajili ya hii?" Wengine wakacheka. Mtu akasema wapeleke watoto mjini, kule hata umeme ukikatika kuna jenereta. Nilimwona Mwalimu amesimama mbali, ameshika simu, hapigi, ameishika tu. Nikajua ni ya Moshi.

Nikashuka. Nikateremka mpaka getini mbele ya wote, nikabeba yale makopo, mawili mawili, nikapanda nayo. Safari tatu. Nilipofika safari ya mwisho Mwalimu alikuwa pale kona, anatazama visiki vya masale, na uso wake sitausahau.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Akanipa jembe.

Nilipoyatoa yalikuwa yameshaota mizizi, meupe, membamba. Nikayapanda yalipokuwa. Watoto walinyamaza wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nikatoa lile jani kwenye daftari, nikalishika kwa mikono yote miwili, sasa haina grisi, nikasema, "Bibi, nimepokea. Na mimi naomba unipokee. Hapa ni kituo. Shuka taratibu."

Springi za behewa la tatu zililia, zikapanda juu. Kasichana kanene kenye barafu ya ukwaju kakajinyoosha, kakasema, "Afadhali, sasa tunaenea."

Nikavuta kamba. Mara moja tu.

Wiki iliyofuata tuliteremka Kikwe kwa mtoto wa bibi aliyezikwa pale kona ya juu, ndiye aliyemuuzia Mwalimu lile shamba. Alisikiliza yote. Akasema mama yake hakuwahi kupanda gari maishani, alikuwa akishuka sokoni na ndizi kichwani na kurudi kwa miguu. Gari alipanda moja, ile iliyomrudisha nyumbani akiwa maiti. "Na hata hiyo haikufika mlangoni," alisema. "Ilikuwa masika. Tulimbeba kutoka barabarani."

Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba mimi ndiye niliyemkosea, na yeye ndiye aliyekuja na jani. Alikuja mlangoni kwangu kwa unyenyekevu, kama yeye ndiye mwenye kosa. Nikamwambia mikono yangu ina grisi.

Treni haikuuzwa. Usidhani basi tumetajirika, siku za kawaida bado nakaa naangalia bembea zikisukumwa na upepo. Lakini kila mzunguko sasa unasimama kona ya juu. Tumeweka benchi. Wageni wanauliza kwa nini, nawaambia tazameni mlima. Asiposimama mtu, inazima. Juma amejaribu kuendesha, akasimama vizuri kabisa, ikazima. Mwalimu pia. Inamkubali mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa amepata kazi mjini, kwenye taa, mshahara mzuri na sare. Niliikataa. Sijui kama nilifanya sawa. Siku nyingine nachukia ile kona kwa moyo wote, kisha nasimama, nahesabu mpaka kumi, na springi zinalia.

Kwa hiyo ukija kwetu, na uje, tunahitaji watu, usichume kitu kwenye ile kona hata kikiwa kizuri kiasi gani kwenye picha. Behewa la tatu kaeni kwa nafasi. Na mzee akikwambia popote pale umshushe, usimwambie hakuna kituo. Simama. Kituo ni pale alipokwambia.