Kitambaa cha Upepo Kilichoanzia Juu

Tangu lini ukuta ukavikwa kuanzia juu? Mama Stepla aliuliza hivyo hata mkoba hajautua. Alikuwa ameenda sokoni asubuhi moja tu, jamani, asubuhi moja! Aliporudi akakuta ukuta mzima wa chumba kipya, upande wa upepo, umeshafunikwa kitambaa cheupe, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, yuko juu ya ngazi anatabasamu kama bwana harusi.

Kazi ya kufunika fremu za mbao kwa kitambaa cha kuzuia upepo na kukibana kwa pini za stepla ndiyo iliyompa mama huyo jina, na ndiyo iliyomlisha miaka nenda miaka rudi. Shemeji, ambaye wote walimwita Fasta, alikuwa fundi rangi, tena mzuri. Sasa fundi rangi huanza juu ili matone yasimharibie chini. Basi Fasta naye akapiga pini kipande cha juu kwanza, akashuka, kila kipande cha chini kikalalia cha juu. Kinyume kabisa! Kitambaa huanzia chini, ili cha juu kilalie cha chini na maji yateleze nje. Midomo ya maungio yote ikawa imeachama kuelekea mawinguni. Mvua ikishapenya mbao za nje, maji yangeteremka moja kwa moja mpaka ndani ya ukuta.

"Bandua," alisema Mama Stepla.

"Shemeji nawe! Kesho tunapigilia mbao za nje. Nani atakiona?"

Lo! Damu ikamchemka. Nani atakiona? Chumba kile kilikuwa cha baba mkwe, mzee mwenye pumu, ambaye chumba chake cha zamani kilijaa ukungu ukutani, na kikohozi hakimpi usingizi. Wamejenga kwa sababu hiyo hasa. Halafu wamrudishie ukungu uleule, ila kwenye ukuta mpya?

Mumewe akakuna kichwa, akasema wasije wakagombana kwa ajili ya kitambaa. Afadhali angenyamaza. Mzee mwenyewe, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akihema, akainua mkono.

"Mwanangu, yaishe. Mwenzako amejichosha. Mimi nitavaa sweta."

"Baba, sweta haikaushi ukuta!"

Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Mzee wa watu, amewalea wanaume hawa wawili mpaka wakawa na ndevu, leo anawaomba radhi kwa kuwa na kifua kibovu! Na wao wamesimama tu, wanaikubali radhi.

Akamgeukia Fasta. "Haya. Kama ukuta ni mzuri, hamieni humu ninyi, wewe na mkeo na mtoto. Baba achukue chumba chenu."

Fasta akacheka kidogo, huku akitafuta wa kucheka naye. Mkewe, aliyekuwa akinyonyesha kivulini, ndiye aliyejibu, tena upesi, bila hata kufikiri.

"Mwanangu alale kwenye unyevu? Thubutu!"

Mzee akainama, akaangalia viatu vyake.

"Kumbe mnajua," Mama Stepla alisema. "Wote mnajua."

Fasta akachukua koleo, akapanda ngazi, akaanza kung'oa pini moja moja, na hakuweza kumtazama baba yake.