Uji wa bure wa wodini niliokuwa nawamwagia kuku

Wakuu, salaam. Mimi huwa nasoma tu humu, kuandika naona aibu. Leo nimejikaza. Haya yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Ilikuwa mwaka 2014. Kwetu ni kijijini Kasanda, ila nilikuwa mjini Kasulu nafyatua tofali. Kikohozi kilianza kidogo kidogo, nikadhani ni vumbi. Mwisho nikalazwa. TB.

Mama hakuwa na simu, na Kasulu sikuwa na ndugu. Mchana wenzangu wakiletewa vyakula vimefungwa kwenye khanga, mimi nageukia ukutani.

Hospitali ile ilikuwa inawapikia bure wagonjwa wasio na mtu. Asubuhi uji wa mahindi, soya na karanga. Mchana maharage na dagaa. Manesi walituambia chakula nacho ni sehemu ya dozi, bila hicho dawa zitatushinda.

Lakini mimi sikuugusa ule uji. Hata maharage niliyasukuma pembeni.

Ngoja nieleze, maana wa mikoa mingine mtanicheka. Kwetu anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza yeye, ndipo anakupa. Usipoona ameonja, unaacha. Tumelelewa hivyo, kwa kuogopa sumu.

Sasa mpishi, Mama Neema, alikuwa mama wa Kikongo aliyeolewa pale Kasulu. Anamimina uji kutoka kwenye jagi, anaweka kikombe, anaenda kitanda kingine. Simjui, na hajaonja. Nami sina mdomo wa kumwambia.

Basi nikawa naumwaga dirishani.

Siku zile hadi leo naziona kama ndoto. Homa ikipanda, ukungu wa milimani unaingia dirishani, unachanganyika na mvuke wa jagi, sijui tena kipi ni kipi. Nilimwona mama anatembea juu ya ukungu na chungu kichwani. Anakuja, anakuja, hafiki. Nikinyoosha mkono nashika chandarua.

Mwili ulikuwa mwepesi. Nilihisi ni shuka tu linalonizuia nisipae.

Nikaanza kutapika dawa. Nesi, dada mmoja wa Tanga, akasimama kitandani kwangu.

"Mdogo wangu, ukitapika hivi hutatoka humu kwa miguu yako. Uji unakunywa?"

"Nakunywa."

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa Baba Zabroni, mkulima wa Munanila, ambaye mkewe alimletea chakula kila siku. Alicheka hadi akakohoa.

"Anakunywa? Nesi, hebu chungulia kuku hapo nje walivyonenepa. Wanakaribia kuruhusiwa!"

Nikajifunika shuka.

Nesi alipoondoka, Baba Zabroni akaacha utani. Akaniuliza kwa Kiha, lugha yetu, pole pole, naogopa nini. Nikamnong'oneza. Mzee hana siri yule! Palepale akamwita Mama Neema, wodi nzima ikasikia: "Mama, huyu kijana hajakuona ukionja."

Mama Neema akashika kiuno. "Eh! Kumbe munawaza mie ni mulozi?"

Nilitamani kitanda kinimeze.

Kisha akacheka. Akachukua kikombe chake, akamimina kutoka jagi lile lile, akaketi ukingoni mwa kitanda changu akanywa chote. Hakuharakisha. Akafuta midomo, akanimiminia na mimi.

"Sasa kunywa, mutoto wangu. Ukimwaga tena, nitakulisha na kijiko mbele ya watu."

Nikanywa. Ulikuwa wa moto, na nilihisi ukishuka hadi kwenye nyayo.

Tangu hapo kila asubuhi alikunywa kwanza mbele yetu, ndipo anazunguka na jagi. Maharage nayo nikala. Dawa zikatulia tumboni. Ukungu ulibaki nje, mahali pake.

Mwenzangu wa kwenye tofali alimpata dereva wa lori la Kasanda, akampa ujumbe wa kumpelekea mama. Mama alipofika alinikuta nje naota jua, sahani ipo mapajani. Hakunisalimu. Alinishika mashavu, akauliza, "Nani alikuwa anakulisha?"

Nikamwonyesha.

Mama akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu. "Dada, mimi nilimzaa Kasanda. Wewe umemzaa hapa."

Mama Neema akamwinua. "Simama, ndugu yangu. Umetoka mbali, na weye kula kwanza."

Wakaingia jikoni. Nikabaki juani nawasikia wakicheka, kila mmoja na Kiswahili chake.

Nilichojifunza, wakuu: wanaowapikia wagonjwa wasio na mtu wanaokoa uhai sawa na mwenye sindano, Mungu awape nguvu. Ila mgonjwa akikataa chakula msikimbilie kusema ni mkaidi. Kaeni karibu naye, mumuulize kwa lugha yake.

Je, kwenu mgeni anakaribishwaje kinywaji, mwenyeji anaonja kwanza? Na wewe uliyewahi kulazwa mbali na nyumbani, nani alikulisha? Karibuni mseme, nitajibu polepole, vidole vyangu si vya haraka.