Macho ya Mwamuzi Annonciata

Watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, walimpa Annonciata majina mengi, na mengine hayafai kuandikwa. Lililodumu ni Miwani. Akipita sokoni na beseni lake la mandasi, maandazi ya huku, hakukosekana mtu wa kumpigia kelele, "Miwani, ofsaidi!" Naye hakuwahi kupita kimya. Alitua beseni, akamtafuta aliyesema, akamtaka aeleze mbele ya watu sheria ya kuotea inasemaje. Wengi hawakuijua. Aliwafundisha palepale, akawauzia mandasi, akaenda zake.

Kwao Bukavu, mashariki ya Kongo, alikuwa mwalimu wa michezo katika sekondari ya wasichana. Alifika Malawi mwaka 2007 na filimbi ya chuma shingoni, kwa sababu siku waliyokimbia ilimkuta uwanjani. Miwani yake ya kwanza ilivunjika njiani. Ya pili aliitoa kambini, kwenye sanduku la miwani ya msaada, miwani iliyokwisha kuvaliwa na watu asiowajua huko ng'ambo. Ulijaribu moja baada ya nyingine mpaka ukapata iliyokaribia. Iliyokaribia, si iliyokufaa. Kwa jicho la kushoto alimwona mtu; kwa jicho la kulia alimwona mtu huyohuyo na kivuli chake wakitembea bega kwa bega. Aliifunga kisogoni kwa mpira aliouchomoa kwenye kiuno cha sketi kuukuu, akaingia uwanjani kuchezesha ligi ya wanaume.

Alichezesha vizuri, na sababu ni hayo hayo macho mabovu. Waamuzi wengine walisimama katikati ya uwanja na mikono kiunoni, wakiamua kwa kukisia. Annonciata hakuona mbali, basi alikimbia. Mpira ulipokuwa, naye alikuwepo, anahema, jasho linamtiririka chini ya miwani. Wachezaji walimchukia kama wanavyomchukia mwamuzi yeyote, lakini walimwamini.

Kisha akamtoa Alexis kwa kadi nyekundu. Alexis alikuwa beki wa Ruzizi, timu ya watu wa Bukavu, watu wa kwao kabisa waliosali naye parokia moja. Tena alikuwa mpwa wa mzee Lwaboshi, mwenyekiti wa ligi. Tangu siku hiyo Lwaboshi akaigundua miwani. Miaka yote ilikuwa juu ya pua ya Annonciata na hakuiona. Sasa akaiona kila alipofumbua macho. Aliitisha mkutano wa makapteni, akamwita na Annonciata.

"Mama Annonciata, sisi hatuna shida na weye," alisema. "Shida ni miwani. Arbitre wa macho mubovu, batu batasema championnat yetu ni ya kuchekesha. Siku utatoka mu ile miwani, fainali ni yako."

"Unasema mbele ya bakapiteni?"

"Mbele ya bote."

"Bon. Bamesikia."

Lwaboshi alisema hivyo kwa kuwa aliamini siku hiyo haitafika. Macho ya kambini hayatengenezwi. Yanazoewa.

Lakini mwaka 2013 padri alitangaza habari baada ya misa. Katika kliniki moja ya binafsi mjini Lilongwe, upande wa Capital Hill, walikuwa wamekuja madaktari wageni na mashine ya kurekebisha macho kwa mwanga, ile inayoitwa leza. Walikuja kuwafundisha wenzao wa hapa, na mgonjwa atakayekubali kutibiwa huku wengine wanajifunza hatalipa. Kanisa zima likatazamana. Annonciata peke yake alinyoosha mkono.

Feza, mama kutoka mji wa Kindu aliyeuza vitenge karibu na meza yake sokoni, alimshika kanga. "Batakuchoma! Mwanga mu jicho? Heri ubaki na miwani yako."

"Haiko yangu," Annonciata alijibu. "Haiyakuwaka yangu hata siku moja."

Akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akapanda minibasi.

Kliniki iliwarudisha wengi. Kuna ambao kioo cha mbele cha jicho kilikuwa chembamba mno, kuna ambao macho yao yalikuwa bado yanabadilika. Annonciata aliwekwa kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, akaambiwa akazie macho nuru ndogo nyekundu na asipepese. Mashine ilipeleka mwanga mpaka ndani ya jicho, ikausoma ulivyorudi, na kwenye skrini ikachora ramani ya rangi: kijani, manjano, buluu, na upande wa jicho la kulia kilima kimoja kilicholala mshazari. Kumbe hicho ndicho kivuli kilichotembea na watu machoni pake miaka yote.

Muuguzi Mmalawi alimweleza kwa Kichewa cha polepole. Namba ya miwani, alisema, inaweza kuwa moja kwa watu wengi. Mabonde na vilima hivi ni vya jicho hili peke yake. Leza itafuata ramani hii, inyoe panapotakiwa kunyolewa na ipaache panapotakiwa kuachwa. Ramani ya mama huyu akiwekewa mtu mwingine, itamharibu. Akamweleza pia hatari zake: macho yanaweza kukauka, taa za usiku zinaweza kutawanyika, na hakuna anayeahidiwa jicho kamili.

Annonciata akashikwa na hasira, hasira ya kweli. Muuguzi hakuwa na kosa. Ila miaka yote ya kambi alikuwa amepokea mahindi kwa kipimo cha kila mtu, blanketi la urefu wa kila mtu, viatu vya mguu wowote na miwani ya uso wa mtu mwingine, na kila mara aliambiwa ashukuru. Leo mashine inamwambia kwamba jicho lake halifanani na jingine lolote, na kwamba linaweza kukatiwa dawa yake lenyewe. Kwa hiyo jambo hilo liliwezekana! Watu walipimwa, mahali fulani, siku zote.

Akamwambia muuguzi kwa Kichewa chake cha sokoni kwamba waendelee, wafuate hiyo ramani, na wakikosea atarudi na filimbi. Muuguzi akacheka. Yeye hakucheka.

Walimtia matone ya ganzi, wakaweka kidude cha kuzuia kope, na jicho likakandamizwa mpaka dunia ikazima kidogo. Ilisikika harufu kama ya nywele zilizoungua. Aliogopa, tusifiche. Lakini waliposema asisogee, hakusogea, na wakamaliza kabla hajafika nusu ya rozari. Akakaa Likuni, pembeni mwa mji, kwa dada mmoja wa parokia, amevaa miwani ya giza, amekatazwa vumbi na amekatazwa kufikicha macho, mpaka daktari alipomruhusu.

Siku ya kurudi alikaa dirishani. Alisoma vibao vya shule tokea mbali kabla minibasi haijavifikia, akavisoma kwa sauti mpaka jirani yake akahama kiti. Aliposhuka Dzaleka mtu akapiga kelele, "Miwani!" Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa anayemtukana kutoka upande wa pili wa barabara. Alikuwa kijana mwenye chunusi, amechoka, ameshika dumu la maji. Annonciata alimpungia mkono. Yule kijana akakimbia.

Kwa Lwaboshi alikwenda vilevile, uso mtupu, siku makapteni walipokutana kupanga fainali. Ruzizi ilikuwa imeingia, itacheza na timu ya Warundi ambayo kapteni wake ni Bigirimana.

Lwaboshi alimtazama, akatazama pembeni. "Sasa ile macho ni ya mashine. Batu batasema mashine njo inasifle, njo inapiga filimbi. Tungoje mwaka moja, tuone kama itashika."

"Papa Prezida, ulisema miwani."

"Nilisema."

"Miwani iko wapi?"

Mzee akageuza karatasi za ratiba. Hapo Annonciata akajua kwa hakika alichokuwa akikishuku: hata angeona mpaka Bukavu, macho yake yasingetosha kamwe. Bigirimana ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti, kwamba waliisikia ahadi wote, na kwamba timu yake haitaingia uwanjani na arbitre mwingine. Lwaboshi akakubali kwa shingo upande. Kosa moja tu, alisema, na mama huyu hatashika tena filimbi Dzaleka.

Asubuhi ya fainali Feza alimkuta na ile miwani ya zamani mapajani, anasukuma vioo kwa kidole gumba. Kimoja kilitoka, kisha cha pili.

"Unafanya nini?"

"Batatukana macho tu, ata nifanye nini," Annonciata alisema. "Basi nibape kitu ya kutukana."

Baada ya kurusha sarafu akaitoa fremu tupu mfukoni, akaivaa, akafunga mpira kisogoni. Uwanja ukalipuka. "Miwani! Imeshindikana! Karudi palepale!" Lwaboshi alisimama kitini akapunga mikono, lakini mpira ulikuwa umekwisha kuanza. Annonciata akakimbia kama zamani, sasa akiona kila uzi wa jezi.

Bado ilikuwa sare bila magoli karibu na mwisho, Warundi walipopiga krosi langoni mwa Ruzizi. Alexis akaruka, na mkono wake wa kushoto ukausukuma mpira pembeni. Annonciata alipuliza, akaonyesha penalti.

Lwaboshi aliingia uwanjani na viatu vyake vya misa, nyuma yake nusu ya parokia. "Umeona nini na ile miwani? Sema! Umeona nini?"

Annonciata hakurudi nyuma. Aliinua kidole, akakipitisha mahali kioo kilipokuwa, akajipangusa vumbi kwenye kope. Akakitoa. Akafanya vilevile upande wa pili, taratibu, ili na walio nyuma waone.

Makelele yakafa kuanzia mstari wa mbele. Alexis akauficha mkono wa kushoto mgongoni.

"Nimeona mukono," Annonciata alisema. "Na weye niko nakuona muzuri sana, Papa Prezida. Toka mu uwanja."

Bigirimana akaweka mpira. Lwaboshi akageuka, akaanza safari ndefu ya kurudi, na hakuna aliyemsindikiza. Kutoka pale kwenye penalti Annonciata aliuona mstari wa mpaka, uliochorwa kwa majivu, ng'ambo ya uwanja, wote, mpaka kwenye kona. Alingoja mpaka mguu wa pili wa mzee ulipouvuka, ndipo akapuliza.