Mrija Mmoja, Vikombe Viwili

Kabla kikosi hakijaondoka, kambi ya jeshi ya Gisenyi haikuwa na ua. Mama zetu walikatiza katikati yake wakienda kuteka maji ziwani, na jioni askari, "masoda" kwa lugha yetu, walishuka ufukoni kumsaidia baba kuvuta mitumbwi.

Mmoja wao, koplo kutoka upande wa Kongo, alimpenda dada yangu. Alikaa na baba kwenye chungu cha pombe ya ndizi, wakipokezana mrija mmoja. Kwetu, anayekunywa kwa mrija wako ni mtu wako. Baba alisema koplo akirudi watapokezana mrija huo mbele ya wazee, ndipo mahari izungumzwe.

Maana askari wale walikuwa wanapelekwa jimbo la mbali, kulinda amani kati ya watu waliokuwa wakiuana. Mvua zilipita, zikaja nyingine. Dada alijifunza kutambua mlio wa kila lori la kambi.

Walirudi kimya. Juma lile lile wakaizungushia kambi seng'enge, na mama zetu wakaanza kuzunguka njia ndefu na mitungi kichwani. Jumapili koplo akaja kwetu, wazee wakiwa wamekaa, naye akaketi. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi, na mkononi alishika vikombe viwili vipya vya bati.

"Hiki chako, mzee. Hiki changu."

"Na mrija huu, mukwe wangu?" baba akauliza.

"Kule tulikatazwa kunywa na raia. Wenzetu walikufa kwa sumu. Sasa nimezoea, kila mutu na chake."

"Kule ni kule. Hapa we iko nyumbani."

Mama akajaribu kucheka. "Kunywa, bwana koplo, meno ya mzee hayaambukizi!"

Koplo aliutazama mrija. Niliona mkono wake ukinyanyuka, kisha ukarudi gotini.

"Bon, sawa," baba akasema. "Kila mutu na chake. Na binti huyu ni wangu."

Koplo akasimama, akapiga saluti, akaenda. Vikombe aliviacha. Dada akavichukua, akamfuata mpaka kwenye seng'enge. Alirudi giza likiingia, na kikombe kimoja.

Tangu hapo nimehama miji mingi, na sasa nimepita arobaini. Kila nikifika penye kambi, natafuta kwanza njia ya kukatiza katikati kuelekea majini. Sijaiona bado. Dada angali pale ufukoni. Nikimtembelea, ananipa chai kwa kikombe cha udongo. Kile cha bati hampi mtu.